Dampo la kisasa ni dizeli na kifusi

Kiteezi halikuanza kama jalala. Lilipofunguliwa mwaka 1996, nje kidogo ya Kampala upande wa Wilaya ya Wakiso, ndilo lilikuwa dampo la kisasa lenyewe. Fedha zilitoka Benki ya Dunia, na mtambo wa kusafisha maji yanayotoka kwenye taka ulijengwa pamoja nalo. Miaka 28 baadaye, Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka uliporomoka ukafunika nyumba, watu na mifugo. Baada ya siku kadhaa za kuchimbua, hesabu ya waliokufa ilifika 35. Mwezi uliofuata Rais Museveni alimfuta kazi mkurugenzi mtendaji wa jiji, Dorothy Kisaka, pamoja na naibu wake na mkurugenzi wa afya.

Nalitaja Kiteezi kwanza kwa sababu kila tunapozungumzia taka Afrika Mashariki, hoja huishia palepale: tujengewe dampo la kisasa. Mkopo unatafutwa, mkandarasi anapatikana, utepe unakatwa, mheshimiwa anapiga picha akiwa na kofia ngumu kichwani. Kwetu Tanzania tumeshajengewa Chidaya pale Dodoma, Muriet pale Arusha na Buhongwa pale Mwanza. Sina ugomvi na ujenzi huo, ulihitajika. Ninachosema ni kwamba dampo huwa la kisasa kwa siku moja tu, siku ya kufunguliwa. Kesho yake usasa wake unalipiwa upya, na keshokutwa tena, kutoka fungu la matumizi ya kawaida ambalo madiwani hulikata kwanza bajeti ikibana. Kampala walijengewa dampo, likageuka jalala bila mtu yeyote kupitisha azimio kwamba sasa liwe jalala.

Tuanzie chini kabisa, huko ambako pesa za mradi huenda kweli. Shimo la dampo la kisasa hutandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa mpaka maji yakakosa pa kupenya. Kanuni za Marekani za mwaka 1991 zinataka unene usiopungua sentimita 60. Juu ya mfinyanzi huo linalazwa turubai la plastiki ngumu, milimita moja na nusu, lililounganishwa kwa kuchomelewa. Juu ya turubai inamwagwa kokoto yenye mabomba yaliyotobolewa matundu. Taka huja mwisho, juu ya hayo yote.

Kazi ya mabomba ni kukusanya maji. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda ya ndizi, ukoko wa ugali, mabaki ya mboga na matunda yaliyooza sokoni, taka zetu ni mbichi kuliko za Ulaya. Mvua ikinyesha juu yake, yanatoka maji meusi mazito, yenye amonia na wakati mwingine metali nzito zilizotoka kwenye betri na rangi. Ambaye hajawahi kukwama kwenye foleni ya Gongo la Mboto nyuma ya lori la taka, dirisha wazi, maji hayo yakichuruzika barabarani, amshukuru Mungu. Ndani ya dampo maji haya yanatakiwa yasitulie. Kanuni hizo hizo za Marekani zinasema kina chake juu ya turubai kisizidi sentimita 30. Ili hilo liwezekane, lazima pampu iyasukume kwenda kwenye mabwawa ya kuyasafisha, na pampu inataka umeme au dizeli, inataka fundi, inataka bomba lizibuliwe linapoziba kwa matope.

Pampu ikifa na ombi la vipuri likakaa mezani miezi mitatu, hakuna anayeona kitu. Maji yanapanda ndani ya taka kimyakimya. Lundo linakuwa zito na linateleza kwa ndani, huku juu malori yanaendelea kuongeza mzigo na kingo zinazidi kusimama. Mhandisi yeyote wa udongo atakwambia mchanganyiko huo una mwisho mmoja. Mwezi Machi 2017 dampo la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Baada ya maafa ya namna hii mvua ndiyo hulaumiwa, ingawa mvua hunyesha kila mwaka.

Sasa tupande juu, kwenye uso wa kazi, yaani pale taka zinapomwagwa. Dampo linaloendeshwa vizuri halifunguliwi lote kwa wakati mmoja. Limegawanywa vyumba, na kila siku kinafanyiwa kazi kipande kidogo tu. Lori linaingia getini, linapanda kwenye mizani, linapimwa likiwa na mzigo, linaelekezwa na kijana mwenye kibendera mahali pa kumwaga, linarudi mizani likiwa tupu. Pale lilipomwaga unapita mtambo wa kushindilia, wenye magurudumu ya chuma yenye meno, mara nne au tano juu ya taka hizo hizo, mpaka zilale. Jioni, kabla ya wafanyakazi kwenda nyumbani, eneo lote lililofanyiwa kazi linafunikwa kwa kifusi cha unene wa sentimita 15 hivi.

Kifusi hicho ndicho kinachotenganisha dampo na jalala kwa macho ya jirani. Kinanyima nzi mahali pa kutagia, kinazuia nailoni zisiruke kwenda kwenye mashamba ya watu, kinapunguza harufu, na kinauzuia moto usitambae kutoka siku moja hadi nyingine. Ule moshi unaoamka nao wakazi wa karibu na majalala ya miji yetu una maana moja tu: jana hawakufunika.

Piga hesabu ya jiji linalozoa tani 1,000 kwa siku. Zikimwagwa tu bila kushindiliwa, tani moja inameza kama mita za ujazo mbili na nusu, kwa hiyo zinahitaji mita 2,500. Mtambo ukizishindilia sawasawa, zinaingia kwenye 1,250. Yaani dampo lililojengwa lidumu miaka 20 litajaa miaka 10 kwa sababu tu mtambo umeharibika na haukutengenezwa. Kifusi nacho, kwa kawaida, ni moja ya tano ya ujazo wa taka: mita 250 kwa siku, sawa na malori 17 ya mita 15. Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Malori hayo yana madereva, yana matairi, na udongo wenyewe unachimbwa mahali fulani kwa pesa. Ukitaka kujua kama halmashauri yako ina dampo au ina jalala lenye bango la dampo, usiangalie ramani ya mradi. Omba kuona stakabadhi za kifusi za mwezi uliopita.

Mizani nayo inadharauliwa sana. Wengi huiona ni urembo wa getini, kumbe ndiyo daftari la mangi mwenye duka: bila hiyo hujui nani anadaiwa nini. Mkandarasi akilipwa kwa safari, lori lenye nusu mzigo ni safari, na lori linalomwaga mtaroni usiku na kuja tupu asubuhi ni safari pia, alimradi karani wa getini amepiga muhuri. Akilipwa kwa tani, atajaribu kuongeza mchanga au kumwagia taka maji, lakini angalau hapo wizi unaonekana kwenye karatasi. Mizani ndiyo pia inayokwambia dampo limebakiza miaka mingapi, ili ununue ardhi mapema badala ya kukimbizana na dharura.

Nairobi ni mfano wa nini hutokea hesabu hiyo isipofanywa. Dandora lilianza kutumika mwaka 1975 kwenye machimbo ya zamani, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yameendelea kuingia kwa zaidi ya miaka 20 baada ya tangazo hilo. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliagiza dampo lihamishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita, malori hayakusimama.

Kuna mpango wa zamani wa kulihamishia Ruai, mashariki mwa Nairobi, ambao nauona unafundisha kuliko yote. Mamlaka za usafiri wa anga zilipinga, zikisema korongo na ndege wengine wanaofuata taka watahatarisha safari za Uwanja wa Jomo Kenyatta. Pingamizi hilo lina msingi, hakuna rubani anayetaka korongo ndani ya injini. Lakini tafakari lilibeba nini ndani yake. Taka zinazofunikwa kila jioni haziwalishi korongo wengi hivyo. Waliopinga walikuwa wanasema, kwa lugha ya kiofisi, kwamba hawaamini dampo jipya litafunikwa. Na kwa kuitazama Dandora, nani angewalaumu?

Dar es Salaam tuna historia yetu, na wenye kuiandika walikuwa wananchi wa kawaida. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, akiwemo Joseph Kessy ambaye jina lake ndilo limebaki kwenye kesi, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga na kuchoma taka katikati ya makazi yao. Walishinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, na mwisho Jaji Lugakingira akashangaa wazi kwamba hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alirejea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko, Festo Balegele na wenzake mia kadhaa, nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Ndipo taka zikaelekea Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya jiji.

Hukumu zile najivunia nazo kama raia, ila zimetufundisha nusu ya somo. Jiji lilielewa kwamba taka zisogezwe mbali na watu wenye uwezo wa kushtaki, halikuelewa kwamba zisimamiwe. Na umbali wenyewe haudumu. Barabara ya lori ikishachongwa, bodaboda wanafuata, viwanja vinauzwa, nyumba zinasogea. Ndivyo ilivyokuwa Kiteezi: nyumba zilizofunikwa zilikuwa zimejengwa pembeni kabisa ya lundo. Dampo la kisasa linahitaji mkanda wa ardhi tupu kulizunguka, na mkanda huo unahitaji mtu wa kuulinda dhidi ya mwenyekiti wa mtaa anayegawa viwanja. Hilo nalo halimo kwenye mkataba wa ujenzi.

Kuna gesi pia, na hapa naomba tuwe na kiasi. Taka zilizofukiwa bila hewa hutoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani, gesi inayoipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na ambayo ikikusanyika mahali pabaya hulipuka. Dampo zuri huichimbia visima, huivuta kwa mabomba na kuichoma au kuendeshea jenereta. Durban wamefanya hivyo kwenye madampo ya Mariannhill na Bisasar Road tangu miaka ya 2000, na wamezalisha megawati kadhaa za umeme. Dar es Salaam nayo ilikuwa na mradi wa gesi pale Mtoni uliosajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Tatizo ni kwamba miradi hiyo ilitegemea kuuza hati za kaboni, yaani stakabadhi za gesi iliyozuiwa kufika angani, na ilipofika mwaka 2012 bei yake ilikuwa imeporomoka. Akija mwekezaji na kusema dampo litajilipa lenyewe kwa umeme, muulize atafanya nini bei ikianguka tena. Gesi inasaidia kupunguza gharama ya kifusi, haiifuti.

Durban ina upande mwingine unaostahili kusemwa. Bisasar Road liliwekwa mwaka 1980, enzi za ubaguzi wa rangi, kwenye mtaa wa Clare Estate walikokaa Wahindi. Sajida Khan, mkazi wa hapo, alipigania lifungwe kwa miaka mingi na akapinga mradi wa gesi kwa hoja kwamba utalirefushia maisha. Alifariki mwaka 2007 kwa saratani, dampo likiwa bado linafanya kazi. Mariannhill limetangazwa kuwa eneo la hifadhi, mimea ya asili iliyong'olewa wakati wa kuchimba hutunzwa kwenye kitalu na kurudishwa, na maji ya taka hupitishwa kwenye mtambo na kisha kwenye matete. Yote mawili yaliendeshwa na jiji moja, wahandisi wale wale.

Nani anaishi juu ya dampo letu? Waokota taka. Wanalijua kuliko afisa afya yeyote: lori la soko limebeba nini, la hoteli limebeba nini, chupa za plastiki zinanunuliwa kiasi gani wiki hii. Wanasimama mita mbili nyuma ya lori wakiwa na kulabu mkononi, na mlango wa nyuma ukifunguliwa wanarukia kabla taka hazijagusa chini. Hapo ndipo wanapogongwa, na ndiyo maana kanuni za dampo la kisasa hukataza mtu yeyote kuwa kwenye uso wa kazi. Halmashauri nyingi zikisikia kanuni hiyo hujenga uzio na kuita mgambo. Matokeo yake watu wanaingia usiku, bila taa, na chuma na plastiki ambayo ingeokotwa mchana inaishia chini ya kifusi ikijaza shimo.

Njia ya akili ni banda la kuchambulia getini. Lori linamwaga kwanza hapo, kwenye sakafu ya zege, wachambuaji wana glavu na bima, na kinachobaki ndicho kinachokwenda shimoni. Brazil, kwa sheria ya mwaka 2010, inataka mipango ya taka ya miji ijumuishe vyama vya ushirika vya waokota taka. Kila kilo wanayoitoa ni kilo isiyohitaji kushindiliwa wala kufunikwa. Kwa hesabu za ile tani 1,000, hawa ndio wafanyakazi wa bei nafuu kuliko wote walioko kwenye dampo, na hatuwalipi hata senti.

Taka za jikoni na sokoni ni sura nyingine, na kwa maoni yangu ndiko ushindi mkubwa ulipo. Kinondoni wamejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, wanapokea taka za masoko. Taka ya soko isiyofika dampo haitoi maji meusi wala methani, na haihitaji lori la kuivusha foleni mpaka Pugu. Ugumu uko kwenye kuitenga tangu sokoni: mama ntilie hana nafasi ya ndoo mbili, na zikitengwa zikapakiwa kwenye lori moja, hatatenga tena kesho.

Utasikia kwamba hatuna uwezo, kwamba turubai la plastiki na mitambo ni vya Wazungu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Wajapani wa Chuo Kikuu cha Fukuoka walibuni tangu miaka ya 1970 mfumo wa mabomba makubwa yenye kokoto yanayotoa maji chini na kuingiza hewa ndani ya taka, hivyo zinaoza haraka na methani inapungua. Unajengeka kwa vifaa vya kawaida, hata mianzi na matairi ya zamani. Umetumika Koshe baada ya maafa, umetumika Kang'oki pale Thika. Kwa hiyo ujenzi una njia ya bei ya juu na njia ya bei ya chini. Kifusi cha kila jioni hakina njia ya mkato, na mfumo wa Fukuoka ukiachwa bila kushindiliwa na bila kufunikwa nao utakuwa jalala lenye mabomba.

Halafu kuna kufunga. Marekani mwenye dampo anatakiwa kulihudumia kwa miaka 30 baada ya kulifunga: asukume maji, avute gesi, apime visima vya majirani, azibe nyufa. Na anatakiwa kuonyesha pesa za kazi hiyo zinatoka wapi wakati dampo bado linafanya kazi. Kwetu dampo likijaa tunahamia jingine, na lile la zamani tunaliachia majani. Watoto wanacheza mpira juu yake, visima vya jirani vinaendelea kutumika.

Baada ya Kiteezi Kampala ilitafuta pa kwenda, na jina lililotajwa ni Buyala, Wilaya ya Mpigi. Kwa mara nyingine taka za jiji zinaelekea kwenye wilaya ya jirani, kwa watu wasiopiga kura ya meya wa Kampala. Wataonyeshwa michoro mizuri, na michoro hiyo huenda ikawa ya kweli. Waombe kuonyeshwa bajeti ya mwaka wa 10 pia: lita ngapi za dizeli kwa pampu na mtambo, safari ngapi za kifusi kwa siku, fundi analipwa na nani mtambo ukikatika, karatasi za mizani zinabandikwa wapi ili kila mtu azisome, nani anaruhusiwa kugawa kiwanja ndani ya mita 500. Na akaunti ya pesa za kufunga iko benki gani, imefunguliwa kwa jina la nani, na sahihi ya nani kutoka Buyala inahitajika kuzitoa.